Mali Bila Daftari

Msomaji kijana, yako maneno yaliyokwisha kuota mizizi katika nchi yetu hata yakadhaniwa kuwa kweli. Husemwa ya kwamba kutazama ndege ni anasa ya wageni. Mtalii mwenye darubini shingoni ndiye aliyeumbiwa kazi hiyo. Mwenyeji ana shamba la kulima na karo ya kulipa. Nayapinga maneno haya, kwa sababu ni ya uongo, na uongo wake una hasara.

Kwanza, jambo hili halikuletwa na meli. Waogiek wa msitu wa Mau walimjua mlembe kabla darubini haijafika huku. Walisikia wito wake, wakamfuata mti kwa mti mpaka penye asali ya nyuki wa mwituni. Hakuna awezaye kufuata ndege asiyemjua kwa sauti wala kwa mwendo. Basi wazee wa nchi hii walikuwa watazamaji wa ndege, tena hodari. Walioacha ni sisi.

Pili, jambo hili halitaki fedha. Ukikaa Salgaa, yanakopumzika malori yaendayo Eldoret na Uganda, waweza kudhani hapana cha kutazama ila magurudumu. Inua macho. Yangeyange huwafuata ng'ombe malishoni. Mwewe huzunguka angani akitafuta chakula. Mbayuwayu hutoka Ulaya wakikimbia baridi, wakafika kwetu karibu na Oktoba, na Aprili hurudi kwao. Kuwatazama hawa kuna kiingilio gani? Penseli na daftari vyatosha.

Yuko atakayeniuliza, “Mwenye njaa atafaidi nini kwa ndege?” Swali lake ni la haki, nalo lastahili jibu. Maji ya ndege ndiyo maji ya mtu. Mto Molo hushuka kutoka Mau, ukapita Rongai, ukaenda kumwaga Ziwa Baringo, ambako watu huvua samaki na kunywesha mifugo. Msitu ukikatwa huku juu, udongo hufika kule chini. Ndege wa majini hawana shamba wala nyumba ya kuwazuia; mahali pakiharibika, huondoka mapema. Aliyezoea kuwaona atajua kuna jambo. Asiyewatazama atajua siku kisima chake kitakapoharibika.

Tazama Ziwa Nakuru, lililo jirani yetu. Lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Mwaka 1990 liliandikwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo ya majimaji yenye thamani kwa dunia nzima, na mwaka 2011, pamoja na Bogoria na Elementaita, likawa urithi wa dunia. Sifa yake kubwa ilitokana na heroe, ndege wa rangi ya waridi wanaokula mwani mdogo uotao katika maji ya magadi. Tangu mwaka 2010 hivi maji yalipanda, yakafunika hata lango kuu la zamani la hifadhi. Magadi yakazimuliwa, mwani ukapungua, na heroe wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Tena ziwa hili halina mto wa kulitoa maji: uchafu wa mji na plastiki vikiingia humo, havina njia ya kwenda baharini.

Tulijuaje kuwa ndege wamepungua? Walikuwako watu waliowahesabu. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, wataalamu wa Makumbusho ya Taifa pamoja na watu wa kujitolea wamekuwa wakihesabu ndege wa majini katika maziwa ya Bonde la Ufa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kenya ina aina zaidi ya 1,000 za ndege. Mali kubwa kiasi hicho haiwezi kuachiwa watu wachache waiandike, wala mgeni wa wiki mbili hawezi kuwa karani wake.

Wala usiseme ungali mdogo. Mwaka ule ule wa 1968, wanafunzi wa Kenya, wenzako kwa rika, ndio walioanzisha Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya. Hawakungoja wakubwa wawape ruhusa ya kuipenda nchi yao.

Basi kesho, kabla ya kengele ya shule, simama dakika kumi mahali pamoja. Andika tarehe, mahali, aina ya ndege na idadi. Usipolijua jina, andika rangi, mdomo na miguu. Jina utawauliza wazee, nao watafurahi kuulizwa. Fanya hivyo mwaka mzima. Na mtu akikwambia unaiga wageni, mfungulie daftari lako, umwombe naye alete lake.