Uwanja wa Mpira ni Mali ya Nani?



Wako watu wanaosema: mpira ni mchezo tu, mambo ya serikali ni kitu kingine. Tunawajibu: hapana. Angalieni yaliyopita.

Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Bei ya vitu ilipanda sababu ya vita, mshahara ukabaki palepale. Pa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Tarehe 9 askari waliwapiga risasi humo humo uwanjani. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa ajili ya wenzake, aliuawa.

Tarehe 4 Januari 1959, pa Léopoldville, serikali ilikataza mkutano wa ABAKO. Watu waliotoka kutazama mpira kwenye uwanja wa Roi Baudouin, unaoitwa leo Tata Raphaël, wakajiunga na wale waliokatazwa kukutana. Mji ukawaka moto. Tarehe 13 ya mwezi uleule, mfalme wa Ubelgiji akaahidi uhuru.

Basi mkoloni alijenga viwanja ili mfanyakazi atulie siku ya Mungu. Lakini wafanyakazi walionana humo, wakajihesabu, wakajua kwamba wao ni wengi.

Leo viwanja ni vyetu. Tunavitunza namna gani? Tarehe 29 Oktoba 2022, pa Kinshasa, watu walikwenda Stade des Martyrs kumsikiliza Fally Ipupa. Uwanja ule ulijengwa kwa watu 80.000 hivi, walioingia walizidi. Watu 11 walikufa katika msongamano, na polisi wawili walikuwa kati yao. Mwezi wa Julai 2024, uwanjani humo humo, msongamano uliua tena. Hapo hatuwezi kumshitaki mkoloni.

Mkubwa asiyeweza kuhesabu watu mlangoni mwa uwanja, ataweza namna gani kuhesabu feza za kodi, maji na barabara za mji mzima?

Tunataka mambo matatu. Kwanza, tiketi zisizidi nafasi, na milango yote ya kutokea iwe wazi mpaka mtu wa mwisho ametoka. Pili, feza za mlango ziandikwe katika kitabu, na kitabu kisomwe mbele ya watu. Tatu, uwanja wa watoto katika komini usikatwe vipande na kuuzwa. Bulugumestre ni mlinzi wake, si mwenye mali.

Watatuambia: feza hakuna. Ndugu, kila siku ya mchezo sisi wenyewe tunasimama kwenye mstari, feza mkononi. Kama feza haipo, ni nani aliyeipokea?

Siku ya Mungu inayokuja mtakwenda tena mpirani. Pigeni makelele kwa timu yenu. Halafu, kabla ya kurudi nyumbani, ulizeni kitabu kiko wapi.