Usimletee Mtoto wa Nkwenda Modeli Isiyoungana

Wapenzi wa modeli za plastiki wana ubishi wao usiokwisha, kama ule wa Simba na Yanga: chapa ipi ni bora? Kwa asiyezijua, ni zile ndege, magari na meli ndogo zinazouzwa zikiwa vipande ndani ya boksi. Unakata vipande kwenye fremu, unasugua, unaunga kwa gundi kwa kufuata karatasi ya maelekezo, kisha unapaka rangi. Wengine wanaapa kwa Airfix ya Uingereza, wengine kwa Revell, wengine kwa Italeri ya Italia kwa ajili ya malori yake ya Scania. Mimi nasema Tamiya ya Japani. Nalisema hilo nikiwa Kayanga, Karagwe, na hoja yangu yote inaanzia hapo nilipo.

Nianze na wanaonipinga kwa sauti kubwa. Hawa husema Tamiya ni chapa ya wavivu. Vipande vinaingia vyenyewe, hakuna pa kuhangaika, basi ufundi uko wapi? Kwao, fundi wa kweli huchukua modeli ya zamani yenye mapengo, akaijaza puti, akaisugua msasa wiki nzima mpaka pengo lisionekane. Sawa. Lakini tazama huyo fundi anakaa wapi. Anakaa mji wenye duka la modeli. Puti laini ipo, gundi maalumu ipo, rangi ipo kwa namba yake. Mateso yake ameyachagua mwenyewe, na akichoka anakwenda dukani kununua njia ya kutokea.

Sisi huku tuna supagluu, ile ikishika imeshika. Tuna wembe, mkasi wa kucha na msasa wa seremala. Rangi ni ya kucha, au unamwomba fundi wa magari akumiminie kidogo na tina juu yake, na hiyo tina ukizidisha inaila plastiki. Puti ya gereji ni ya kuziba bonde kwenye mlango wa gari, si ya kazi ya milimita. Kwa mtu wa namna hii, pengo kwenye modeli halimfundishi kitu. Linamfungia mlango.

Mwaka juzi nilipewa modeli ya ndege, ya mtumba, chapa yake siitaji. Nikampelekea mpwa wangu Nkwenda, upande wa Kyerwa, kijana wa miaka kumi na mitatu. Tukakaa barazani siku mbili tukiunga. Siku ya tatu bawa la kushoto likakataa. Ukilisukuma mbele linaacha mwanya nyuma, ukilirudisha nyuma linainuka kuliko mwenzake, na gundi tayari imeshapakwa. Kijana alikaa kimya, halafu akaniuliza taratibu, "Mjomba, nimekosea wapi?"

Hakukosea popote. Alikata vizuri, alisugua vizuri, mchoro aliufuata namba kwa namba. Aliyekosea ni aliyechonga kalibu kule kiwandani, lakini yeye hakuwepo barazani. Aliyekuwepo ni mtoto. Na mtoto wetu akiona kitu cha boksi hakiungani anajilaumu mwenyewe, maana tumemlea akiamini kwamba chenye maandishi ya kigeni hakikosei. Ile ndege ikawekwa juu ya kabati ikiwa na bawa moja. Hajaigusa tena. Sasa njoo uniambie habari za uvivu.

Tamiya ilianzishwa Shizuoka mwaka 1946 na Yoshio Tamiya, ikiwa biashara ya mbao. Ilitengeneza modeli za mbao kabla ya kuhamia kwenye plastiki. Mwanawe, Shunsaku, alipotaka kutengeneza modeli ya Porsche 934 ya kipimo cha 1/12, ile iliyotoka mwaka 1976, hakuridhika na picha. Alinunua Porsche 911 ya kweli akaifungua, aone kila kitu kinakaaje. Mtu anafungua gari zima ili kijana asiyemjua, katika nchi asiyoijua, asikwame kwenye hatua ya kumi na nne! Mimi hiyo naiita adabu kwa mnunuzi.

Sisemi Airfix haina lake. Ilianza na trekta dogo la Ferguson, lililotengenezwa kwa ajili ya mawakala wa matrekta, na boksi zake mpya ni nzuri sana kuliko za zamani. Lakini bado inauza pia modeli za kalibu za miaka mingi iliyopita. Shangazi aliyeko ughaibuni, anayenunua kwa kuangalia picha ya boksi, atazijuaje? Ndiyo maana chapa ina maana kwetu kuliko kwao. Wao wakikosea watarudisha dukani. Sisi boksi limetoka mbali, limepanda ndege, limepanda basi. Lazima tuliamini kabla hatujalifungua.

Kuna wapinzani wa aina ya pili, na hawa ni wa nyumbani. Rafiki yangu mmoja, msomi, tulibishana naye Omurushaka tukisubiri gari. Anasema plastiki ya nini, wakati watoto wetu wanachonga magari kwa mgomba? Ni ubunifu, ni utamaduni, ni bure. Nikamuuliza, wanao wewe wanachezea gari la mgomba? Akacheka. Wanachezea simu.

Gari la mgomba nimelichonga mwenyewe, kwenye kibanja cha nyumbani, na magurudumu ya ndala zilizokatika. Nalipenda. Lakini linanyauka baada ya siku chache, linatupwa, na aliyelichonga akifika miaka kumi na miwili anaambiwa aache mambo ya kitoto. Tunalisifu kwa watoto wa wenzetu.

Rafiki yangu hakukata tamaa, akaniletea Rumanyika. Omukama Rumanyika wa Karagwe, aliyewapokea Speke na Grant mwaka 1861, alikuwa na hazina ya vitu vidogo vya chuma na shaba, ng'ombe kwa bata. Stanley alipopita mwaka 1876 aliandika kwamba ameona hata ng'ombe wa shaba wasio na vichwa. Na Ndagara, baba yake Rumanyika, anakumbukwa kama mfalme mhunzi. "Unaona?" akasema. "Modeli tulikuwa nazo kabla Mzungu hajazitia kwenye boksi."

Naam, na ndiyo maana sikubali. Ng'ombe wale walikuwa na kila kitu ambacho gari la mgomba limenyimwa: chuma kinachodumu, mhunzi aliyejifunza kwa mhunzi, na nyumba ya kuwatunzia. Walikuwa heshima ya ufalme. Mhunzi yule hakuambiwa umekua, acha michezo. Anayetaka kumrithi Ndagara airithi hiyo heshima ya kazi ndogo iliyofanywa sawasawa mpaka mwisho.

Bei? Hapo nakubali, Tamiya ni ghali, na si kila mkulima wa kahawa anaweza kuinunua. Basi iwe boksi moja kwa ukoo mzima, waunge watoto watatu kwa zamu. Afadhali hiyo moja ikamilike kuliko tano zibaki juu ya kabati.

Kwa hiyo wewe uliyeko Dar, Muscat au Birmingham, ukija likizo ukiwa na nafasi kwenye begi, leta pikipiki ya Tamiya ya 1/12. Mpwa wangu anaijua bodaboda kwa mlio. Sasa aone injini inakaa wapi na cheni inapita wapi. Gundi yake usiibebe, inashika moto na kwenye ndege hairuhusiwi. Tutatumia supagluu, ndiyo maana nataka vipande vinavyoingia vyenyewe. Rangi nitaiomba kwa fundi wa magari. Ikikamilika tutaiweka juu ya kabati lile lile, kando ya ile ndege ya bawa moja, kijana aone kwa macho yake ni nani aliyekosea.