Wageni Wasioalikwa Katika Bwawa la Samaki



Wasomaji wetu kadhaa wa Jinja na wa Mbale wametuuliza juu ya jambo moja linalowasumbua wengi wanaofuga samaki nyumbani. Mtu hununua vifaranga wa ngege mia tano au elfu moja, huwatia bwawani kwa matumaini mema, na baada ya miezi miwili akivuta wavu hukuta nusu yao tu. Pamoja nao hukuta viumbe ambao hakuwanunua wala hakuwaalika: wadudu wenye taya, konokono, ruba, samaki wa aina nyingine, na pengine kaa. Fedha ya mshahara imekwenda na maji. Tena lipo la kuogopesha kuliko hasara ya fedha, nalo ni maradhi ambayo baadhi ya wageni hao huweza kuwaletea watoto wachezao ukingoni.

Juma hili basi tutawatazama wageni hao, tupate kujua nani adui, nani rafiki, na nani mpita njia tu. Askari aliye zamu langoni hampigi risasi kila ajaye, wala hamfungulii kila ajaye. Humsimamisha, humtazama, humwuliza jina lake na atokako, ndipo huamua. Hivyo ndivyo yatupasavyo kufanya na bwawa.

WANAINGIA KWA NJIA GANI?

Njia kubwa ni nne. Ya kwanza ni maji yaliyokuja na vifaranga, ambayo wengi huyamwaga bwawani pamoja na samaki wenyewe. Ya pili ni mimea ya maji, kwa kuwa mizizi na majani yake hushikwa na mayai ya konokono na ya wadudu. Ya tatu ni mfereji. Huko Mbale wengi huvuta maji ya vijito vishukavyo kutoka Mlima Elgoni, na huko Jinja wapo wayachotao ziwani. Maji hayo yasipochujwa huleta kila kilichomo. Ya nne ni vyombo: nyavu, ndoo na buti zenye tope la bwawa jingine.

Wapo pia wenye mabawa, kama kereng'ende na mbawakawa wa maji, ambao huruka wenyewe na kutaga mayai yao. Hao hakuna lango liwezalo kuwazuia kabisa.

Jambo hili si la kwetu pekee. Huko Ulaya na Marekani wapo watu wafugao samaki wa baharini ndani ya masanduku ya kioo, nao hununua mawe ya matumbawe ili samaki wapate makao. Ndani ya vitundu vya mawe hayo husafiri minyoo, kaa wadogo, na hata kamba mmoja mwenye mikono ipigayo kama nyundo, ambaye huwaua wenzake usiku na mchana asionekane. Wafugaji wazoefu hukiweka kila kitu kipya katika chombo cha peke yake kwa majuma kadhaa kabla ya kukichanganya na samaki. Tena hawamwui mgeni kabla ya kumtambua, maana wengi wa minyoo wanaochukiza macho ndio wafagiaji wa uchafu. Kanuni hiyo yafaa vilevile kwa maji yetu yasiyo na chumvi.

WATAMBUE KWA CHUPA YA KIOO

Chukua chupa nyeupe yenye mdomo mpana, tia maji ya bwawa, na umtie mgeni ndani yake kwa kichujio. Iweke mwangani, karatasi nyeupe nyuma yake. Kisha uliza: Je, ana miguu, na ni mingapi? Ana gamba? Hupanda juu kuvuta hewa, au hukaa chini muda wote?

Wadudu. Mtoto wa kereng'ende hafanani na mama yake hata kidogo. Ni wa rangi ya tope, ana miguu sita na macho makubwa, naye hujificha matopeni. Chini ya kidevu chake kuna mkono uliokunjwa wenye makucha, nao hufyatuka ghafla na kumnyakua kifaranga apitaye. Adui wa pili ni mdudu mpana wa maji, wa rangi ya jani kavu, mwenye miguu ya mbele kama koleo. Huyo humchoma samaki na kumfyonza, na ukimshika kwa mkono atakuuma kwa uchungu mwingi. Yupo pia mdudu mdogo aogeleaye chali, naye hula vifaranga wachanga sana. Wadudu hawa huwa hatari wakati samaki wangali wadogo. Ngege wakishapita urefu wa kidole, baadhi ya maadui hao hugeuka kuwa chakula chao.

Viluwiluwi vya chura na watoto wa kambare. Hapa wengi hukosea, kwa kuwa wote ni weusi, wana kichwa kikubwa na mkia mwembamba. Mtazame mdomoni. Mtoto wa kambare ana sharubu, na pezi refu mgongoni. Kiluwiluwi hana sharubu za namna hiyo, na baadaye huota miguu. Kiluwiluwi hula chakula ulichowanunulia samaki, lakini kambare akikua atawala ngege wenyewe. Kwa hiyo kambare asiyetakiwa aondolewe mapema.

Wageni wema. Vijinyoo vyekundu vya matopeni, viroboto vya maji virukavyo kama chembe za vumbi, na viluwiluwi vya mbu, wote ni chakula cha samaki. Ngege akila viluwiluwi vya mbu, nyumba nzima hupata faida. Usiwaue.

Ruba na chawa wa samaki. Chawa wa samaki ni bapa na duara, karibu hana rangi, naye huteleza juu ya magamba ukimgusa. Samaki mwenye chawa hujisugua ukingoni na kurukaruka. Ukiwa na samaki wachache, chawa waweza kutolewa kwa kibano. Ruba na vijidudu vya ngozi hulegezwa kwa kuwaogesha samaki katika maji yenye gramu 10 za chumvi kwa kila lita, kwa dakika chache tu, nawe ukiwatazama. Samaki akianza kulala ubavu, mrudishe mara moja katika maji safi.

KONOKONO: HAPA TUSIFANYE MZAHA

Konokono hawaharibu samaki sana. Lakini wamo wachukuao kichocho, na kando ya Ziwa Viktoria na Mto Naili kichocho cha matumbo kimewatesa watu kwa vizazi vingi. Serikali ya Uganda ilianza mpango wa taifa wa kupambana nacho mwaka 2003, kwa kugawa dawa ya prazikwanteli mashuleni na vijijini.

Namna ya kuwatambua ni hii. Konokono wa kichocho cha matumbo ni bapa, gamba lake limejiviringisha kama kamba iliyolazwa chini. Konokono wa kichocho cha mkojo ana ncha. Ukimshika ncha ikielekea juu na mlango wake ukikutazama, mlango huo utakuwa upande wako wa kushoto. Mwenye gamba jembamba, na mlango mpana upande wa kulia, huweza kuwa mchukuzi wa minyoo ya ini la ng'ombe. Bali konokono mwenye kifuniko kigumu cha kuufungia mlango wake si mchukuzi wa kichocho katika Afrika.

Jambo kubwa la kukumbuka ni kwamba konokono hazaliwi na kichocho. Hukipata kutoka kwetu. Mayai ya minyoo hutoka katika choo au mkojo wa mgonjwa, huanguliwa majini, na vijidudu vyake humwingia konokono. Baada ya majuma kadhaa hutoka vingine vingi, vidogo mno kuonekana kwa macho, navyo hupenya ngozi ya mtu aliye majini. Konokono wa kichocho cha matumbo huvitoa zaidi wakati wa jua. Basi choo kijengwe mbali na bwawa na kitumiwe, na watoto wasioge wala kucheza humo hata siku moja. Anayeingia kuvuna avae buti ndefu. Vijidudu hivyo visipompata mtu hufa kwa muda wa siku mbili hivi. Kwa hiyo maji yaliyowekwa siku mbili kamili katika chombo kisicho na konokono hayana hatari hiyo ya kichocho kwa kuogea, ingawa ya kunywa yachemshwe.

FUNZO LA KAA WA MLIMA ELGONI

Wasomaji wa Mbale wanayo habari kubwa ya mgeni apandaye mgongoni mwa mwingine. Upofu wa mtoni huletwa na nzi mdogo mweusi aumaye, aitwaye usubi, ambaye watoto wake hukua katika maji yaendayo kasi. Kwa miaka mingi wataalamu walipekua mawe na majani ya vijito kuwatafuta watoto wa aina moja ya nzi hao, wasiwapate. Mwaka 1950, wachunguzi Van Someren na McMahon, waliokuwa wakifanya kazi nchini Kenya, walitangaza kwamba wamewapata: walikuwa wamejishikiza juu ya gamba la kaa wa mtoni. Kaa mwenyewe hana kosa. Amebeba abiria asiyemjua.

Aina hiyo ndiyo iliyokuwa ikiishi katika vijito vya Elgoni. Huko Jinja usubi ulikuwa wa aina nyingine, isiyohitaji kaa, nao uliondolewa katika Mto Naili kwa dawa ya DDT, kazi iliyoanza katika miaka ya 1950. Kwenye Elgoni, wananchi walipewa dawa ya ivamektini kila mwaka kuanzia 1994, kisha mara mbili kwa mwaka kuanzia 2007, na vijito vikatiwa dawa ya kuwaua watoto wa nzi. Maambukizo yakakatika. Kazi yote ya vijitoni ilitegemea jambo moja: mtu fulani alimgeuza kaa akamtazama vizuri.

Jinja nayo ina funzo lake. Gugu-maji lenye maua ya zambarau lilitoka Amerika ya Kusini, nalo lilisambazwa duniani na watu waliolipenda kuwa pambo la vidimbwi vyao. Katika Ziwa Viktoria upande wa Uganda lilionekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika miaka ya 1990 liliziba bandari na kuisumbua mitambo ya umeme ya bwawa la Jinja. Mwaka 1995 walifunguliwa ziwani wadudu wa jamii ya fukusi walao gugu hilo, lakini si kabla ya kuchunguzwa kwanza kama hawatakula mazao yetu. Basi usichukue gugu hilo kupamba bwawa lako. Ni mzigo, na mizizini mwake hukaa konokono.

MAMBO YA KUFANYA

1. Kabla ya kutia samaki, kausha bwawa mpaka tope lipasuke, kwangua kingo, na unyunyize chokaa. Ukavu peke yake hautoshi, kwa kuwa konokono huweza kulala hai ndani ya tope kwa muda mrefu.

2. Funga wavu wenye matundu madogo sana katika mdomo wa mfereji, na uusafishe kila siku.

3. Usijaze maji mapema ukayaacha majuma mengi bila samaki, maana hapo wadudu hutangulia kukua.

4. Vifaranga wafikapo, weka chombo chao ndani ya maji mapya mpaka joto lilingane. Kisha wahamishe kwa wavu mdogo, na maji waliyokuja nayo uyamwage kwenye udongo mkavu mbali na mto.

5. Wakae katika kidimbwi cha kusubiria kwa siku 14 au zaidi. Kila siku watazame: wanakula? Wanajisugua? Nini kimetokea miongoni mwao?

6. Fyeka nyasi za kingo na uondoe mimea ya majini. Konokono na wadudu hupenda maficho.

7. Nyavu na buti zikaushwe juani kabla ya kupelekwa bwawa jingine, hata kama ni la jirani mwema.

8. Mgeni usiyemjua mhifadhi ndani ya chupa na umpelekee afisa wa uvuvi wa wilaya. Jinja imekuwa makao ya uchunguzi wa samaki tangu 1947, na taasisi ya taifa ya utafiti wa samaki ipo huko. Aliyevuliwa akaonekana hafai azikwe katika udongo mkavu. Asitupwe Namatala, wala Nabuyonga, wala Naili, kwa maana lililo taabu ya nyumba moja laweza kuwa taabu ya nchi nzima.

Mtoto mwenye maumivu ya tumbo yasiyokwisha, au damu katika choo au mkojo, naye aliwahi kuingia bwawani au ziwani, apelekwe hospitali akapimwe. Kichocho kina dawa, na kikitibiwa mapema mtoto hupona.

Bwawa la nyumbani ni mali na ni chakula. Likitunzwa hulisha jamaa hata mwisho wa mwezi ufikapo na mfuko ukawa mwepesi. Akina mama, ambao mara nyingi ndio wakaao nyumbani wakati baba yuko zamu, chupa ile ya kioo na iwe karibu na bwawa siku zote, na watoto wafundishwe kuitumia wakiwa nje ya maji. Mtoto ajuaye kumtofautisha konokono wa kichocho na konokono mwingine ni mlinzi wa nyumba yenu.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kukausha na kuhifadhi samaki.