Mche usio na jina usiuzwe kwa bei ya jina

Pioni haichanui hapa Goba, Dar es Salaam. Haichanui Kinzudi wala Kulangwa, na aliyekuuzia mche wa jina hilo kando ya barabara ya Tangi Bovu amekuuzia kitu kingine. Nasema bila kumung'unya maneno kwa sababu mwaka huu majirani kadhaa wameniletea ua lile lile, kila mmoja na simu mkononi, na simu imeshamhakikishia kwamba ni pioni.

Mimi ni bibi shamba mstaafu. Nilisomea Ukiriguru, nikafanya kazi Lushoto, Handeni na mwisho Kisarawe. Sasa nina kiwanja changu hapa Goba chenye minazi, mchungwa usiotaka kuzaa, na maua mengi kuliko maji ninayoweza kuyalipia. Wanaonifahamu huniletea majani getini kama wengine wanavyompelekea fundi redio mbovu.

Wa karibuni alikuwa binti aliyehamia nyumba ya tatu kutoka kwangu. "Shikamoo mama. Nimepata pioni, njoo uone." Alilipa shilingi elfu ishirini na tano kwa kiriba kimoja, mahali ambapo asumini inauzwa elfu tatu. Muuzaji alimwambia mche umetoka Uholanzi. Basi binti wa watu akaingia mtandaoni, akasoma kwamba pioni inapenda baridi, na kila usiku akawa anaumwagia mche ule vipande vya barafu. Mche ulikuwa unavumilia tu.

Ua lenyewe lilikuwa zuri, sitalinyima haki yake: limejaa petali, tabaka juu ya tabaka, limetosha viganja viwili. Ndiyo maana simu ilidanganyika. Watu hupiga picha ya ua peke yake, na simu hulinganisha picha na picha. Haigusi jani, haifikichi kitu, hainusi. Mimi niliomba nionyeshwe mmea mzima.

Jani la pioni hugawanyika vipande vipande. Hili lilikuwa pana, lenye pembe kama tano, na chini lina vinyweleo unavyovisikia kwa kidole. Shina lilikuwa gumu, la mti. Chini ya tumba palikuwa na duara la vijani vyembamba, kama ulionalo kwenye choya. Nikachuma jani moja, nikalifikicha kwa matone ya maji, likatoa utelezi. Kazi ikawa imekwisha, kwa sababu utelezi ule anaujua kila aliyewahi kukata bamia. Bamia, choya, pamba na haibiskasi ni ukoo mmoja, na pioni haimo katika ukoo huo hata kwa ndoa.

Ushahidi uliobaki ulitaka subira ya siku moja tu. Ua lililofunguka asubuhi jeupe lilikuwa la waridi kufika saa nane mchana, na jioni likawa jekundu la kuiva. Kuna haibiskasi moja inayofanya hivyo, nayo ni Hibiscus mutabilis, iliyopewa jina hilo na Linnaeus mwaka 1753. Asili yake ni kusini mwa China, na ndiyo ua la jiji la Chengdu. Rangi ile hutengenezwa ndani ya petali kadiri siku inavyopata joto. Binti hakuamini, nikamwambia achume ua la asubuhi aliweke kwenye friji, na jingine aliache mezani. La mezani likabadilika. La friji likabaki jeupe, mpaka mumewe akauliza kwa nini kuna ua karibu na maziwa.

Pioni halisi hulala wakati wa baridi, na chipukizi zake haziamki sawasawa mpaka zimepata wiki kadhaa za baridi kali, karibu na kuganda. Ndiyo maana inastawi Luoyang, China, na katika bustani za Ulaya. Usiku wa Julai Dar es Salaam hushuka mpaka nyuzi kumi na nane hivi. Hata Lushoto, ambako nilivaa sweta mwezi mzima, hakuna majira ya baridi ya namna hiyo.

Najua watakaosema: ua zuri ni zuri, jina la nini? Hao hao wakifika sokoni hawanunui "embe". Wanataka dodo, bolibo au sindano, na ukiwachanganyia watagomba mpaka mtaa wa pili. Kwenye maua tumekubali kuuziwa "ua la kizungu" na tukatoa noti. Hapo ndipo mwenye kitalu anapopata nafasi ya kubuni. Haibiskasi hii ni rahisi mno kuzalisha: kata pingili, chomeka kwenye udongo wenye unyevu, subiri. Mti mmoja unaweza kujaza mtaa mzima bure. Bei ya elfu ishirini na tano ilikuwa bei ya neno "pioni", haikuwa bei ya mche.

Kuna jambo zito kuliko pesa. Katika safu zile zile za viriba huwa nakuta oleanda, ya maua ya waridi na meupe, haina alama yoyote. Oleanda ni sumu kuanzia mzizi mpaka ua, na tunaipanda kwenye uzio wa nyumba zenye watoto na mbuzi. Pembeni yake kuna waridi la jangwani, lile lenye shina nene, ambalo utomvu wake wawindaji wa Afrika Mashariki waliupaka kwenye mishale. Sisemi yasiuzwe, mimi mwenyewe nina waridi la jangwani barazani. Nasema mama mwenye mtoto anayetambaa ana haki ya kujua anachokipanda. Tena hatari si sumu tu: magugumaji yaliyolisumbua Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ni mmea wa Amerika Kusini, uliotembezwa duniani kwa uzuri wa ua lake la zambarau.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba nchi hii imetoa maua ambayo wenzetu wameyaandika vizuri. Kule Usambara, kwenye miamba yenye kivuli, huota mmea mdogo wa majani ya manyoya na ua la urujuani. Afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliupeleka kwao, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen akaupa jina Saintpaulia ionantha. Leo unauzwa kwenye vyungu duniani kote ukiwa na kibandiko cha jina, na Wajerumani bado wanautaja kwa jina la Usambara. Nilipokuwa Lushoto niliwaona watu wakiupita njiani bila kugeuza shingo. Orodha kubwa ya mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda ilianza kuchapishwa mwaka 1952, ikakamilika 2012, ikiwa na zaidi ya aina 12,000. Kazi ya majina ya mimea yetu ya asili imefanyika kwa miaka sitini, halafu kitalu cha barabarani hakina hata kalamu.

Hatujakosa pa kuuliza. Kutoka Goba ukipita Makongo unafika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako kuna hebaria, yaani maktaba ya mimea iliyokaushwa. Arusha kuna Hebaria ya Taifa, chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Ukitaka kutambuliwa mmea, usipeleke picha ya ua tu. Kata tawi lenye majani na ua, libane katikati ya magazeti, andika mahali ulipolikata, tarehe, urefu wa mmea na rangi ya ua, kwa sababu rangi hupotea likikauka. Na anayekwambia mche wake umetoka Uholanzi, mwombe karatasi za ukaguzi. Mimea haiingii nchini kihalali bila hizo.

Vijana wa vitalu siwachukii. Wengi wana mkono mzuri kuliko maofisa ugani niliofanya nao kazi, na wakati mwingine hata wao waliuziwa jina la uongo. Manispaa yetu ya Ubungo ingewatumia bibi shamba mmoja mara moja kwa mwezi, nusu ya tatizo ingeisha.

Wewe unayekwenda kununua miche Jumamosi hii, beba kalamu ya maka. Mwambie muuzaji aandike jina kwenye kiriba mbele yako, na namba yake ya simu chini yake. Akikataa, usimpe zaidi ya elfu tatu.