Mchezaji wa kulipwa asiyelipwa

Katika msamiati wa kandanda, Kiswahili kina neno lenye uzito mkubwa: kiungo. Ndilo jina tunalompa mchezaji wa katikati ya uwanja. Neno hilo hilo hutaja goti na kiwiko, mahali mfupa unapokutana na mfupa. Tena hutaja tangawizi na vitu vingine vinavyoukoleza mchuzi. Ajabu ni kwamba mtu tuliyempa jina la heshima namna hii tumemwacha aishi kama kibarua.

Simzungumzii nyota anayeonekana kwenye runinga. Namzungumzia kiungo wa madaraja ya chini katika miji inayouzunguka Mlima Kenya: Nyeri, Karatina, Kerugoya, Embu, Meru na Nanyuki. Msimu huu anavaa jezi hii, msimu ujao ile. Namfahamu mmoja wao. Amechezea klabu tano kwa muda wa miaka kumi na mmoja, na karatasi pekee aliyowahi kutia sahihi ni fomu ya usajili. Ujira wake umekuwa nauli, chakula baada ya mechi, na ahadi. Alipoumia goti, aliletewa salamu za pole. Gharama ya matibabu ikabebwa na mama yake, mkulima mdogo wa majani chai.

Je, huyu ni mchezaji wa aina gani? Lugha yetu inatambua wawili: wa kulipwa na wa ridhaa. Wa kulipwa hulipwa. Wa ridhaa ameridhia kucheza bila mshahara. Kiungo wetu hayumo katika kundi lolote. Aliahidiwa mshahara, kwa hiyo hakuridhia kuukosa. Na hakuupata, kwa hiyo hakulipwa.

Kanuni za Shirikisho la Kandanda Duniani, FIFA, hazina utata katika jambo hili. Mchezaji wa kulipwa ni yule aliye na mkataba wa maandishi na klabu, na ambaye malipo yake yanazidi gharama anazotumia kwa ajili ya mchezo. Wengine wote ni wa ridhaa. Tangu 2018, kanuni hizo zinampa mchezaji aliyenyimwa mishahara ya miezi miwili haki ya kuvunja mkataba, baada ya kuipa klabu notisi ya siku 15. Lakini atavunja nini yule ambaye hana mkataba?

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uandikwe. Zaidi ya hayo, inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mfanyakazi asiyeielewa lugha ya mkataba anaelezwa masharti yake kwa lugha anayoielewa. Sioni sababu ya klabu inayoahidi mshahara wa kila mwezi kujiona iko nje ya sheria hiyo.

Najua nitajibiwa kwamba klabu hizi ni fukara, kwamba hazina wadhamini, na kwamba viingilio havitoshi hata kulipia mafuta ya matatu. Ni kweli. Hata hivyo, umaskini hauzuii kalamu kuandika. Ikiwa klabu ina uwezo wa nauli peke yake, basi iandike nauli, na kijana aamue akiwa anajua. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na miaka ya ujana ni mali.

Wala simwambii kijana yeyote aache gozi. Mwaka 2023 Murang'a SEAL ilipanda hadi Ligi Kuu, na watoto wa eneo hili wakaona kwamba njia ipo. Ninachopinga ni kumsukuma mtoto katika njia hiyo akiwa kipofu.

Walimu wenzangu, hapa ndipo zamu yetu inapoanza. Mtaala wa umilisi umeifanya Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari ya juu. Hapana budi wanafunzi wa mkondo huo wafundishwe kusoma mkataba kama wanavyofundishwa kupiga pasi. Tunawafunza kuandika barua rasmi, kumbukumbu na ratiba. Tuwape pia zoezi la kuandika mkataba baina ya klabu na mchezaji, wenye muda, malipo, matibabu na namna ya kuuvunja. Kipindi kimoja cha Kiswahili kinatosha kuanzia.

Nawe mwanafunzi, siku utakapoambiwa, "Njoo ucheze, mambo ya pesa tutaongea baadaye," omba karatasi. Usipoijua lugha iliyoandikiwa, omba uelezwe. Hiyo si jeuri. Ni haki yako, nayo ilipitishwa na Bunge.