Utalii wa Ndani Uanzie kwenye Nauli ya Namtumbo

Mwaka 2024 Tanzania ilihesabu watalii 5,360,247. Kati yao 2,141,895 walitoka nje ya nchi, na 3,218,352 walikuwa watalii wa ndani. Takwimu hizi zimetajwa kwa fahari, na fahari hiyo ina msingi, maana si zamani sana Mtanzania kuonekana kwenye lango la hifadhi akiwa na familia yake lilikuwa jambo la kushangaza. Hata hivyo, hesabu ya lango huonyesha waliopita langoni tu. Haituelezi waliobaki nyumbani ni akina nani, wala ni kitu gani kilichowazuia. Ukitaka kujua kama utalii wa ndani umewafikia wananchi, usiulize Arusha. Uliza Namtumbo, wilaya ya wakulima wa mahindi, tumbaku, ufuta na korosho mkoani Ruvuma: baba, mama na watoto wanne wa huko wanaweza kutenga siku moja ya likizo wakapanda mlima, wakatembea kwenye bustani ya wanyama, kisha wakalala kwao jioni hiyo hiyo? Swali hilo linaonekana dogo, lakini ndani yake mna mjadala mzima wa nani anamiliki vivutio vya nchi hii.

Kampeni za kuhamasisha utalii wa ndani kwa kawaida huwalenga watu kana kwamba tatizo lao ni uvivu au ukosefu wa habari. Wananchi huambiwa watembelee vivutio vyao, wajivunie nchi yao, wasiwaachie wageni. Pamoja na wito huo hutajwa kiingilio, ambacho kwa raia ni sehemu ndogo sana ya kile anachotozwa mgeni. Ni kweli kiingilio ni nafuu. Ila kiingilio ndicho kipande kidogo kuliko vyote katika gharama ya safari. Kutoka Songea, makao makuu ya mkoa, hadi Hifadhi ya Mikumi ni zaidi ya kilomita 600. Familia ya watu sita inayotoka Namtumbo italipa nauli ya basi ya kwenda na kurudi, italala gesti usiku mmoja au miwili, itakula njiani, na ikifika italazimika kukodi gari la kuingilia hifadhini, kwa sababu basi la abiria halizunguki porini kutafuta simba. Punguza kiingilio hadi sifuri, na bado familia hiyo haitasafiri. Sera inayopunguza bei ya lango huku ikiisahau nauli inamsaidia yule ambaye tayari ana gari.

Hoja yangu ni kwamba kwa familia nyingi za vijijini utalii wa ndani una maana ikiwa tu ni wa kutwa moja, na hivyo fedha na akili za taasisi zetu zielekezwe kwenye vivutio vidogo vilivyo karibu na watu. Ruvuma ina bahati katika hili. Milima ya Matogoro imesimama pembeni mwa mji wa Songea, na huko ndiko Mto Ruvuma unakoanzia kabla ya kuteremka kusini, kugeuka mashariki na kuwa mpaka wetu na Msumbiji hadi Bahari ya Hindi. Ndani ya Manispaa ya Songea ipo bustani ya wanyamapori ya Ruhila, iliyo chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Upo pia mlima mdogo wa Chandamali, wenye kumbukumbu ya maficho ya Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, wakati wa Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, na ipo Makumbusho ya Majimaji, mahali wanapokumbukwa mashujaa zaidi ya 60 walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Mlima, bustani na historia vimekusanyika kwenye mji mmoja. Namtumbo iko mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka hapo, kwa barabara ya lami iliyojengwa kwa msaada wa Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani. Kabla ya lami hiyo, masika yaliweza kuifanya safari ya Songea kuwa shughuli ya siku nzima. Sasa mtu huenda hospitali ya mkoa au sokoni na kurudi kabla ya magharibi. Barabara imeshafanya kazi yake. Kilichobaki ni kumpa mwananchi sababu ya kuipita akiwa hana mgonjwa wala mzigo.

Kwamba kivutio kidogo cha mjini kinaweza kubeba kazi hii si ndoto. Mwanza inayo Saanane, kisiwa kilichofanywa bustani ya wanyama mwaka 1964 na kupandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013, ingawa eneo lake lote, nchi kavu na maji, ni kilomita za mraba 2.18 tu. Ukubwa huo ni kama tone mbele ya Hifadhi ya Nyerere yenye kilomita za mraba 30,893. Lakini mkazi wa Mwanza huifikia Saanane kwa boti kwa dakika chache, na mwalimu anaweza kupeleka darasa zima asubuhi likarudi mchana. Nairobi inao msitu wa Karura, wenye takribani hekta 1,000, ambao miaka ya 1990 ulikuwa umeanza kumegwa na kugawiwa wenye uwezo. Mwaka 1999 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti kuupinga unyang'anyi huo. Baadaye msitu ulizungushiwa uzio, njia za miguu zikafunguliwa, wananchi wakaanza kulipa kiingilio kidogo, na mahali palipoogopwa kwa wahalifu pakawa matembezi ya familia siku za Jumapili. Tofauti kati ya Karura ya hofu na Karura ya watoto wanaoendesha baiskeli haikuletwa na mnyama mpya wala hoteli. Ililetwa na ulinzi, njia inayoeleweka, na uhakika kwamba mtu akija ataingia.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka Namtumbo kwenyewe. Watu wa wilaya hiyo hawahitaji kulipa ili wamwone tembo, kwa kuwa tembo huja mwenyewe. Ushoroba wa wanyama unaounganisha Pori la Akiba la Selous na Hifadhi ya Niassa ya Msumbiji unapita katika ardhi ya Namtumbo na Tunduru, na vijiji vimetoa sehemu za ardhi yao kwa jumuiya za hifadhi kama Mbarang'andu, Kimbanda na Kisungule. Mahindi yakikomaa, wanyama hushuka shambani. Aliyeharibiwa mazao husubiri kifuta jasho, na aliyefiwa husubiri kifuta machozi. Kumwambia mtu kama huyo apande basi akawatazame wanyama kwa kujifurahisha kunaweza kusikika kama kejeli. Naliheshimu pingamizi hilo, lakini nadhani linathibitisha hoja badala ya kuivunja. Mtoto anayemjua mnyama kama adui wa ghala peke yake atakua akiiona hifadhi kama mali ya wengine iliyopakana na njaa yake. Katika wilaya hiyo hiyo, Likuyu Sekamaganga, kipo chuo kinachowafundisha askari wa wanyamapori wa vijiji namna ya kulinda maliasili. Tunamfundisha kijana kumlinda mnyama akishakuwa mtu mzima, baada ya kumwacha utoto mzima bila hata siku moja ya kumtazama akiwa salama, nyuma ya uzio, mbele ya mtu anayeweza kumweleza anakula nini na kwa nini hupita njia ile ile kila mwaka. Siku ya bustani haimlipi mkulima gunia lake, na isitumiwe kama kisingizio cha kuchelewesha kifuta jasho. Inachofanya ni kumpa mwananchi sehemu ya faida ya uhifadhi ambao gharama yake ameilipa siku nyingi.

Wapo watakaosema Matogoro ni chanzo cha maji, na kwamba kukaribisha umati kwenye chanzo cha maji ni kukiua. Hofu hiyo ni ya haki. Milima hiyo imeteseka kwa kilimo, ukataji miti na moto, na mji wa Songea unaitegemea kwa maji. Lakini tujiulize ni nani aliyeiumiza. Jembe, shoka na moto havikuletwa na watalii. Viliingia kwa sababu mlima uliachwa bila macho ya kutosha, na msitu usiopitwa na watu wema hupitwa na wengine. Kinachofaa ni njia moja ya miguu iliyowekewa alama, isiyokatiza kwenye chemchemi, marufuku ya moto na magari, na idadi ya watu kwa siku itakayopangwa na wenye dhamana ya msitu. Mtoto wa Namtumbo aliyeonyeshwa mahali unapoanzia mto unaopita kusini mwa wilaya yake ataelewa kwa nini mtu wa juu hapaswi kulima kwenye chanzo, na somo hilo litakuwa na nguvu kuliko bango lolote la barabarani.

Pingamizi jingine ni la fedha. Mgeni huleta dola, mkulima huleta shilingi chache, na serikali yenye upungufu wa madawati na zahanati haiwezi kuanza kugharamia matembezi. Kwanza, hakuna anayependekeza tuwafukuze wageni. Fedha zao zinahitajika, na hifadhi kubwa ziendelee kuwapokea. Pili, kinachohitajika Ruhila na Matogoro hakifanani kabisa na gharama za kiwanja cha ndege. Ni vyoo safi, maji ya kunywa, vivuli vya kukaa, alama za njia na waongozaji wanaojua kusimulia. Waongozaji hao wanaweza kuwa kikundi cha vijana kilichoanzishwa kwa mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambao tayari umetengwa kisheria kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Tatu, shilingi ya mkulima hubaki mjini. Anaiacha kwa mama lishe, kwa dereva wa bajaji na kwa muuza ndizi, watu ambao dola ya mgeni anayeruka na ndege kutoka Dar es Salaam hadi porini haiwafikii.

Kuna kosa moja la kalenda ambalo halihitaji bajeti kulirekebisha. Hamasa nyingi za likizo huja Desemba, kwa kuwa ndipo ofisi za mijini hufunga na wafanyakazi hupumzika. Kwa mkulima wa Ruvuma, Desemba ni mwezi wa jembe: mvua zimeanza, mbegu na mbolea zimemaliza fedha, na kila mkono unahitajika shambani, wa mtoto ukiwemo. Msimu wa familia ya Namtumbo kutembea ni kati ya Juni na Agosti, mavuno yakiwa yamefika nyumbani, shule zikiwa zimefungwa kwa sehemu ya kipindi hicho, njia zikiwa kavu, na sikukuu za Saba Saba na Nane Nane zikiwa mlangoni. TAWA, wasimamizi wa msitu wa Matogoro, Makumbusho na halmashauri za Songea na Namtumbo wangekaa meza moja wakatoa tiketi moja ya familia kwa kutwa nzima katika miezi hiyo, na wakapatana na wenye mabasi juu ya nauli ya kundi, wangewapata watu ambao miaka yote ya matangazo ya Desemba imewakosa.

Itasemwa pia kwamba matembezi ya mlimani ni mambo ya watu wa mjini, na kwamba kijijini watu wana mapumziko yao: ngoma, harusi, mpira wa Jumapili. Hayo yapo na yaendelee. Ila kila Februari watu kutoka pembe za mkoa hukusanyika Songea kuwakumbuka mashujaa wa Majimaji, wengine wakitoka mbali kuliko Namtumbo. Watu wa Ruvuma husafiri wanapoona mahali panawahusu, na hakuna mahali panapowahusu kuliko chanzo cha mto ulioupa mkoa wao jina. Kwa hiyo kipimo cha utalii wa ndani katika mkoa huu kibadilike. Badala ya kuridhika na idadi ya tiketi zilizouzwa, wakuu wa taasisi hizi waulizwe kila mwaka ni watoto wangapi wa shule za msingi za Namtumbo waliofika Matogoro na Ruhila na kurudi kwao siku hiyo hiyo. Jibu likiwa wachache, lawama isiende kwa wazazi wao.