KONA YA BIASHARA: Mteja akirudi ndiyo faida

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunajibu swali la vijana wetu: duka la kwenye intaneti, ambalo mteja hashiki kitu wala hapatani bei uso kwa uso, linapataje faida?

Tuchukue Zappos, duka la viatu la intaneti lililoanza Marekani mwaka 1999. Viatu ni vigumu kuuza namna hiyo, maana lazima mtu ajaribu. Basi wao wakasema: chagua, tutakuletea mpaka mlangoni, usafiri bure. Vikikubana rudisha, nayo ni bure, una siku 365. Una swali? Piga simu usiku au mchana, utajibiwa na mtu. Na kiatu walipokuwa hawana, walikuelekeza duka la mwingine!

Mtu atasema hiyo ni hasara tupu. Kweli, gharama ilikuwa kubwa, na miaka ya mwanzo pesa ilikaribia kuwaishia. Tena kuna viatu walivyouza bila kuwa navyo, mwenye mali ndiye anatuma. Kazi rahisi, lakini mara nyingine kiatu kimeshaisha na mteja anangoja tu. Mwaka 2003 wakaacha njia hiyo, ingawa ilileta kama robo ya mauzo.

Faida ikatoka wapi sasa? Kwa wanaorudi. Aliyekuwa mkuu wao, Tony Hsieh, alieleza kwamba kama robo tatu ya oda za siku zilitoka kwa watu waliokwisha kununua kwao. Mteja wa zamani humtafuti kwa matangazo, naye analeta jirani yake. Mwaka 2008 mauzo yakapita dola bilioni 1, na mwaka 2009 Amazon ikainunua Zappos.

Sisi wa dagaa, sabuni na vitenge mtaji wetu ni mdogo, hatuwezi kupokea kila kinachorudishwa. Lakini kujaza kopo sawasawa, kusema "leo sina, jaribu kwa mama yule", kutimiza siku tuliyoahidi, hayo hayali mtaji. Anayepunja kopo anapata leo, kesho mteja anapita mezani pake bila kusimama.

Zoezi la nyumbani: wiki hii, kila jioni, msihesabu pesa peke yake. Andikeni pia ni wateja wangapi wamerudi. Asiyejua kuandika, mtoto wake wa shule amsaidie.

Tukutane mwezi ujao.